Kura za Maharagwe

Mwaka ule mvua ilikataa kwenda kwao,
mwaka ziwa lilipopanda hadi kwenye maghala ya Kisumu,
mkuu wetu wa shule pale Luanda,
Mwingereza mwenye miwani mbili,
ya kusoma na ya kutukaripia,
alitangaza gwarideni kwamba kiranja mkuu
hatateuliwa tena ofisini kama jogoo wa Krismasi.
Tutamchagua wenyewe. Tujizoeze, alisema.
Hakusema tujizoeze nini.

Karatasi zilizokuwepo zilikuwa za mtihani.
Basi stoo ikatoa nafaka:
punje ya hindi ni Andayi,
punje ya haragwe ni Ogola,
na sanduku ni mkebe wa maziwa ya unga
uliotobolewa kifuniko kwa msumari.

Mimi, Meshaki Shisia, kidato cha tatu,
mwandiko mzuri kuliko tabia,
nikafanywa karani wa baraza.
Daftari ninalo hadi leo. Panya wamekula pembe moja.

*Ajenda ya kwanza: fukusi katika ugali.
Mjumbe wa bweni la pili aliuliza
kama watahesabiwa kuwa nyama. Kicheko.
Mwenyekiti aligonga meza kwa kiatu.
Kiatu kilikuwa cha kuazima.
Ajenda ya pili: dansi.*

Dansi! Wasichana wangekuja kwa gari-moshi la Butere,
thelathini na wawili, pamoja na matroni
aliyebeba rula ya futi moja kwa kazi maalumu.
Sisi tulikuwa na santuri nne, sindano moja,
na viatu jozi kumi na tisa
kwa wavulana sabini na tisa.
Baraza lilijadili viatu saa mbili nzima.
Likaamua: zamu. Santuri moja, kisha vua, mpe mwenzako.

Na afunguaye dansi ni kiranja mkuu,
na afunguaye naye ni kiranja wa kwao,
Rispa Ayuma,
ambaye Ogola alikuwa amemwandikia barua tatu.
Nami ndiye niliyezisahihisha.

Hapa ndipo pagumu.

Usiku wa kura nilipewa mkebe niulinde.
Jioni tulikunywa uji, na ule uji
ulikuwa maji yenye jina.
Nikautikisa mkebe. Ukanong'ona.
Mahindi makavu huvunja meno, sikuyagusa.
Maharagwe nikayaloweka katika kikombe cha bati,
nikakiweka juu ya karabai hadi kikombe kikaanza kuimba.
Manane tu. Nilijiambia, manane si kitu,
Ogola anapendwa, Ogola anayo mengi.

Asubuhi: Andayi thelathini na saba,
Ogola thelathini na nne.
*Wanane hawakupiga kura*, niliandika,
herufi zimenyooka kama askari,
ingawa sote tulisimama foleni moja, mvua moja,
na hakuna aliyekosa.

Sikuiona dansi. Haragwe lisiloiva halisamehi.
Niliisikia nikiwa chooni nyuma ya mikaratusi,
santuri ileile ikikwaruza palepale.
Waliniambia Andayi alimkanyaga Rispa mara mbili,
rula ikapita katikati yao bila kugusa mtu,
na Ogola alizungusha mkono wa gramafoni usiku kucha.
Zamu yake ya viatu ilipofika, aliiruka.

Sikumwambia. Uhuru ulikuja, sikumwambia.
Akawa stesheni masta wa Yala, nikapita hapo
mara ngapi, akinipungia kibendera cha kijani,
sikumwambia.

Mwaka juzi nilimtembelea. Amestaafu, sikio moja limekufa.
Mezani palikuwa na wali na sufuria yenye mvuke.
"Lete sahani, karani," akasema,
"hizi unazipenda tangu zamani."
Akanipakulia mwenyewe, si kwa upawa, kwa kijiko cha chai,
punje moja,
kisha moja,
midomo ikichezacheza kama anayehesabu.
Alipofika ya saba akasita,
akanitazama.